Neno Lililoachwa Kwenye Mkataba wa Datius

Joyness alifika Kamachumu Jumatatu asubuhi akiwa na karatasi tano ndani ya bahasha ya kaki, na kabla hata hajanywa maji aliyokaribishwa, akazitoa na kumkabidhi mjomba wake. Mjomba huyo ni Ishengoma, bwana shamba mstaafu wa miaka sitini na sita, ambaye saa hiyo alikuwa kibanjani akipunguza machipukizi ya mibuni. Aliweka mkasi chini, akafuta mikono kwenye suruali, akavaa miwani.

"Datius amenitumia picha za karatasi hizi kwenye simu," Joyness alisema. "Nimezichapisha stationari pale Bukoba. Ni Kirusi mjomba, na hapa Kagera nzima sijui mwingine wa kumpelekea."

Datius alikuwa mume wake. Alikuwa na stashahada ya ualimu, na kwa miaka sita alikuwa akisubiri kuajiriwa huku akiendesha bodaboda kati ya Kanazi na Bukoba mjini. Wiki tatu kabla ya Jumatatu hiyo alikuwa amepanda ndege kwenda kufanya kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala, huko kwa Warusi kwenye baridi. Ndivyo alivyoambiwa, na ndivyo alivyoaga.

Ishengoma alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Alipofika wa pili akatafuta mahali pa kukaa, akakalia gunia la samadi bila kuangalia.

Kirusi alikipata ujanani. Mwaka themanini na moja serikali ilimpeleka Kharkiv, wakati huo ikiwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, akasomea kilimo kwa miaka sita. Alirudi na cheti, koti zito ambalo mkewe aligeuza kuwa blanketi la watoto, na lugha ambayo tangu hapo hakuna aliyeihitaji. Watu wa Kamachumu walimtania kwamba ameleta mzigo usio na soko. Mara moja tu katika miaka karibu arobaini aliitwa kusoma maandishi ya pampu ya zamani iliyokuwa na kutu, akawaambia imeandikwa "usiguse", wakacheka siku nzima.

Jumatatu hiyo hakuna aliyecheka.

"Karatasi ya Kiswahili mliyopewa ofisini unayo?" aliuliza.

Joyness alikuwa nayo. Ilikuwa karatasi moja nzuri, nene, yenye nembo ya wakala aitwaye Upeo Mpya, na juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa: MKATABA WA HUDUMA. Chini yake mambo yamepangwa vizuri. Posho ya kusaini, ambayo Datius asingeipata kwa miaka minne ya bodaboda. Mshahara kila mwezi. Uraia baada ya muda mfupi. Chakula mara tatu kwa siku.

Ishengoma aliweka karatasi za Kirusi na ile ya Kiswahili magotini, hizi huku na ile kule, akapita mstari kwa mstari kwa kidole. Posho ilikuwepo. Uraia ulikuwepo. Chakula kilikuwepo. Lakini kichwa cha habari cha Kirusi kilikuwa na neno moja zaidi, na neno hilo halikuwemo kwenye Kiswahili.

"Huku wameandika mkataba wa huduma," alisema polepole. "Kule umeandikwa mkataba wa huduma ya kijeshi."

Joyness akavuta ile karatasi ya Kiswahili, akalitafuta neno hilo.

"Amesaini kuwa askari, mwanangu. Na hapa, kifungu hiki, wanasema ni mwaka mmoja. Lakini hapa chini wanasema maadamu nchi iko katika hali ya kuita watu vitani, mkataba haukomi. Maana yake ni mpaka vita viishe."

"Vita hivyo vinaisha lini?"

"Vina miaka mitatu na zaidi. Wanaovipigana hawajui."

Joyness alikunja khanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. Alisema Datius alikuwa amepiga simu mara moja tu baada ya kufika, akasema wamepelekwa kambini na simu zinakusanywa. Yeye alidhani ni kambi ya wafanyakazi.

Ishengoma alishikwa na hasira ambayo hakuwa ameionja tangu ujana wake. Vita alivijua. Mwaka sabini na nane, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na daraja la Kyaka kulipuliwa, yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa katika mgambo. Hakuna aliyemwahidi posho. Aliitwa kwa sababu watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wanalala migombani na watoto wao, akaenda, akabeba masanduku ya risasi begani mpaka bega likachubuka, na akaona mambo ambayo hakumsimulia hata mkewe. Hakuvisifu vita hivyo hata siku moja. Lakini angalau waliowaita walisema wazi: tunakwenda vitani. Hata ng'ombe anayepelekwa machinjioni hafichwi kamba.

Na kulikuwa na jambo jingine lililomuuma. Kharkiv ile aliyosoma, yenye bweni ambako mwenzake wa chumba, Mykola, alikuwa akimletea supu nyekundu ya bitiruti kutoka kijijini kwao, sasa ilikuwa upande wa pili wa vita hivyo, ikipigwa makombora na Warusi. Datius, mtoto wa watu wa Kanazi asiyejua hata iko upande gani wa dunia, alikuwa amepewa bunduki kwenda kuwapiga wajukuu wa Mykola.

"Nani mwenye ofisi hii?" aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kuona saini.

"Rwegasira," Joyness alisema.

Ishengoma alifumba macho. Rwegasira alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Yeye mwenyewe ndiye aliyesimama naye mbele ya madhabahu, akamjibia maswali ya mchungaji.

*

Ofisi ya Upeo Mpya ilikuwa Hamugembe, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kikitazamana na migomba ya jirani. Ukutani palikuwa na bango la vijana wenye kofia ngumu wakicheka mbele ya makasha. Rwegasira, mwanamume wa miaka thelathini na saba aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi sawasawa, aliinuka upesi.

"Shikamoo baba. Waitu, ungenipigia simu ningekuja mwenyewe Kamachumu. Wewe ni mtu mzima," alisema, na ile "waitu" ya Kihaya aliitamka kwa heshima.

"Marahaba. Kaa." Ishengoma aliweka zile karatasi mezani. "Neno 'kijeshi' liko wapi kwenye Kiswahili chako?"

Rwegasira alizitazama bila kuzigusa. "Tafsiri inafanywa Dar es Salaam, baba. Mimi nawaunganisha tu vijana na waajiri."

"Huyo mtafsiri wa Dar aliandika posho. Akaandika uraia. Akaandika chakula mara tatu. Alipofika kwenye neno moja akachoka?"

"Baba, tusigombane. Kila kazi ina hatari yake. Hata wavuvi wa Rubafu wanazama ziwani, na hakuna anayewakataza kwenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Mvuvi anajua anakwenda ziwani."

Nje mtu alikuwa anahesabu mabati. Rwegasira alivuta kiti chake karibu, akashusha sauti, na yale aliyoyasema ndiyo Ishengoma aliyoyarudia baadaye kwa kila aliyemsikiliza, maana yeye mwenyewe hakuamini kama aliyasikia.

"Kwa kweli nimefurahi umekuja. Nina vijana kumi na mmoja wanaoondoka mwezi huu. Waajiri wanalalamika vijana wetu hawaelewi amri. Nikawaambia nina baba yangu ambaye Kirusi anakijua kama Kihaya. Uwafundishe maneno machache, wiki mbili tu hapa ofisini. Watakulipa kwa kila kijana. Kwa umri wako, baba, hiyo ni heshima."

"Maneno gani?"

Rwegasira alifungua droo, akatoa karatasi yenye orodha. Ishengoma aliisoma. Kushoto. Kulia. Simama. Maji. Kimbia. Lala chini. Usipige.

"Mpakiaji wa ghala," Ishengoma alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka mno, "anaambiwa lala chini kwa sababu gani?"

Rwegasira alinyoosha mkono kuichukua orodha.

"Basi ulijua."

"Baba."

"Nilikubeba mbele ya Mungu ukiwa na siku arobaini. Niliulizwa kama nitakulea katika njia iliyo sawa, nikasema ndiyo. Leo unaniomba niwafundishe watoto wa watu namna ya kulala chini." Alikusanya karatasi zake, na ile orodha pia. "Usiniite baba tena."

Kutoka hapo alikwenda kwenye ofisi moja ya umma mjini, akaeleza. Kijana aliyekuwa zamu alimsikiliza kwa adabu, akazitazama karatasi juu chini kama mtu anayetazama picha, kisha akauliza kama mzee ni mtafsiri aliyesajiliwa. Ishengoma akasema alisoma Kirusi miaka sita. Kijana akasema hilo analiheshimu, lakini ili malalamiko yapokelewe inatakiwa tafsiri yenye muhuri.

"Muhuri unapatikana wapi?"

"Dar es Salaam, mzee."

"Na vijana wanaondoka mwezi huu."

"Naelewa mzee. Ila utaratibu ndio huo."

Ishengoma alitoka nje, akasimama juani muda mrefu. Rwegasira alikuwa na muhuri. Tena mzuri, wa duara, wenye wino wa bluu.

*

Jumamosi iliyofuata Upeo Mpya iliita vijana wake na wazazi wao kwenye ukumbi wa harusi mjini Bukoba, wapewe maelekezo ya safari. Kulikuwa na soda na sambusa. Ishengoma alifika na Joyness, wakaketi nyuma, na Rwegasira alipokwisha kuongea habari za makoti na hati za kusafiria, mzee akainuka na kwenda mbele bila kuombwa. Rwegasira alitaka kumzuia, lakini huku kwetu si rahisi kumkamata mkono baba yako wa ubatizo mbele ya wazazi wote wale.

Alisoma kile kichwa cha habari kwanza kwa Kirusi, ili wasikie kwamba anakijua. Akakisoma kwa Kiswahili. Kisha akakisema kwa Kihaya, maana palikuwa na kina mama waliotoka mbali ambao Kiswahili chao ni cha sokoni. Akaendelea hivyo kifungu kwa kifungu. Alipomaliza akachukua ile orodha ya maneno, akaisoma pia kwa lugha zote tatu, na kwenye "lala chini" mama mmoja alishika mdomo.

"Mzee wangu amechoka," Rwegasira alisema akitabasamu. "Alisoma huko enzi za zamani. Mambo yamebadilika."

Lakini aliyempinga sana hakuwa Rwegasira. Alikuwa kijana mmoja aitwaye Avit, mwenye shahada ya ununuzi na ugavi, ambaye jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha ya wasafiri. Alisimama akiwa na chupa ya soda mkononi.

"Shikamoo mzee. Mimi nimekusikia. Naomba nikuulize kwa heshima. Tuseme ni kweli. Hapa tunakaa kwa ajili ya nini? Kahawa ya baba yangu mnyauko umeimaliza. Shamba limegawanywa kwa kaka wanne, langu ni migomba thelathini. Nimeomba kazi mahali hamsini na tatu. Kule hata nikifa, mama atalipwa. Hapa nikifa mama atachangiwa sanda."

Watu waliguna, na wengine walitikisa vichwa kumuunga mkono. Ishengoma alikuwa amejiandaa kwa uongo wa Rwegasira, si kwa ukweli wa Avit.

"Mwanangu," alisema, "kama unataka kuuza maisha yako, sina uwezo wa kukufunga kamba. Lakini uyauze ukijua unauza nini. Huyu hakukwambia."

Lilikuwa jibu dogo, na yeye mwenyewe alijua ni dogo. Ukumbi ulianza kumtoka. Hapo ndipo Joyness alipoinuka kutoka nyuma akiwa ameshika simu juu. Alisema ana ujumbe wa sauti ulioingia usiku wa Alhamisi kutoka namba asiyoijua. Akauweka karibu na kipaza sauti cha mshereheshaji.

Sauti ya Datius ilikuwa ya chini, yenye kukwaruza, na ilichanganya Kihaya na Kiswahili kama alivyokuwa akiongea na abiria wake.

"Mke wangu, nimeazima simu ya Mnigeria. Hapa hakuna ghala. Wametupa sare na bunduki, tumefundishwa siku tisa. Mguu wangu umeingia baridi, lakini nitatembea. Kesho wanatupeleka mbele. Wanasema sisi tutatangulia ili waone risasi zinatoka wapi. Mwambie Rwegasira kwamba nimeliona ghala lake. Watoto wasile senene wote, wanibakizie. Nakuja."

Ujumbe ulikuwa na urefu wa chini ya dakika moja. Ulipokwisha, baba mmoja alimshika mwanawe mkono wa shati akamwinua kitini, wakatoka bila kuaga. Wakafuata wengine. Kufikia saa nane mchana vijana saba kati ya kumi na mmoja walikuwa wamerudishiwa hati zao za kusafiria, baadhi kwa maneno na baadhi kwa baba zao kusimama mlangoni mwa Rwegasira wakiwa na fimbo. Wanne walibaki. Avit hakuwa miongoni mwao, ingawa alikaa ukumbini peke yake mpaka viti vikakusanywa.

Hao wanne walisafiri. Wiki mbili baadaye ofisi ya Hamugembe ilifungwa, bango likatolewa, na Rwegasira akasemekana yuko mkoa mwingine anafanya kazi ileile kwa jina jingine. Hakuna aliyemgusa. Mama yake bado anakuja kanisani, na Ishengoma bado anampa mkono.

*

Baada ya ule ujumbe Datius hakusikika tena. Ule mwezi ukapita, na mwingine. Ndipo yule Mnigeria aliyeazimisha simu alipoandika kwa Joyness maneno machache: mumeo alipigwa risasi akafa asubuhi ileile tuliyotangulia, nilimwona, pole sana dada.

Joyness alitaka kusikia kutoka kwa jeshi lenyewe lililomchukua. Ishengoma akanunua muda wa maongezi ya nje, akapiga namba iliyokuwa chini ya ukurasa wa tano wa ule mkataba wa Kirusi. Alipiga siku tatu. Siku ya nne ikapokelewa na mwanamke.

Ishengoma aliongea Kirusi chake cha chuoni, cha watu wa miaka ile, na mwanamke akamwomba arudie, kama mtu aliyesikia sauti ya babu yake.

"Wewe ni nani kwake?" aliuliza.

"Mjomba wa mke wake."

Alisikia vidole vikibofya kompyuta. "Hayumo kwenye orodha ya waliofariki."

"Yumo kwenye ipi?"

"Ameandikwa ameondoka kikosini bila ruhusa." Akataja tarehe. Ilikuwa tarehe ileile ya asubuhi aliyoisema Mnigeria.

"Mama," Ishengoma alisema, "mtu aliyepigwa risasi anaondokaje bila ruhusa?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa hapa."

"Na aliyeondoka bila ruhusa, familia yake inalipwa?"

"Hapana," alisema. Kisha, kwa sauti tofauti, ya chini: "Usipige tena namba hii, babu. Haitakusaidia." Simu ikakatwa.

Joyness alikuwa ameketi mbele yake muda wote huo akifuata midomo yake. Ishengoma alikuwa ametafsiri mambo mengi katika miezi hiyo, lakini hili hakulitafsiri kwa Kiswahili. Alilisema kwa Kihaya, taratibu, kwamba kule wanasema Datius ametoroka.

Joyness alifikiri. Hakulia bado.

"Angetoroka angekuja nyumbani," alisema.

Walikaa matanga Kanazi, siku nne, bila mwili na bila kaburi. Lilitokea suala la maneno gani yasomwe. Mchungaji, mtu mpole, alipendekeza iandikwe kwamba marehemu alifariki akiwa kazini nje ya nchi, ili familia isitiriwe. Ishengoma aliomba kalamu. Alisema neno moja liliachwa kwenye karatasi ya kwanza na limemwua mtu, basi kwenye karatasi ya mwisho lisiachwe. Mchungaji akamwangalia Joyness, Joyness akatikisa kichwa kukubali, na historia ya marehemu ikasomwa hivi: Datius alidanganywa kwa jina la kazi, akapelekwa katika vita vya watu wengine, akauawa, na waliomtuma wakamwita mtoro. Wazee wawili walinong'ona kwamba hivyo sivyo watu wanavyozikwa. Huenda ni kweli. Lakini hakuna aliyeinuka kusema ni uongo.

Siku hizi wanaomjia Ishengoma wanatoka mbali, wengine Karagwe na Ngara, na karatasi zenye nembo nyingine na mihuri mingine. Anazisoma zote bure. Akimaliza huandika tafsiri kwa mkono, neno kwa neno, na chini anasaini jina lake kamili na namba ya simu, muhuri hana.

Avit naye huja mara kwa mara. Hakai kitako. Anamsaidia mzee kubeba maji, wanaongea habari za mipira, halafu lazima afike palepale.

"Waitu mzee, wewe uliniokoa, sikatai. Nimeomba mahali pengine kumi na nne tangu siku ile. Sasa nile nini?"

Mara ya kwanza Ishengoma alijibu kwa maneno ya subira. Mara ya pili aligeuza mazungumzo kuwa ya mibuni. Mara ya tatu alisema alichokuwa anakifikiria usiku na mchana, kwamba Rwegasira asingepata hata mtu mmoja ukumbini kama vijana wa hapa wangekuwa na pa kushika, na kwamba yeye ana hasira na waliouza na ana hasira vilevile na waliowaacha vijana wawe rahisi kununuliwa.

"Hasira haiivi kwenye chungu," Avit alisema.

"Haiivi," Ishengoma alikiri. Akachukua miwani yake, akamwambia alete ile barua ya maombi ya kumi na tano, waisome pamoja kabla haijatumwa.